UZI: Mtoto mwenye Down: kromosomu ya ziada inatoka wapi, na kwa nini muanze na moyo

BabaWaBinti (mwanzisha uzi)

Habari zenu wanajukwaa. Binti yangu ana miaka tisa na ana hali ya Down. Kila baada ya muda naona maswali yaleyale yanarudi humu: mama yake alimeza nini, ni ukoo wa nani, ni adhabu ya nini. Majibu yanayotolewa mengi ni ya kubahatisha, na mzazi aliyejifungua wiki iliyopita anayasoma na kuyaamini. Nimekaa miaka tisa kwenye mabenchi ya kliniki nikiuliza, nikisoma, nikirudi kuuliza tena. Naandika nilichojifunza. Mwenye swali aulize, na mtaalamu akiona nimekosea anisahihishe bila kunionea haya.

Siku alipozaliwa, nesi alimtazama macho, akamfungua kiganja, akamwinua mkono ukaanguka kama kitambaa, kisha akaondoka kwenda kumwita daktari. Wiki tatu zilizofuata tulizimaliza kutafuta mkosaji. Mimi nilihesabu dawa alizokunywa mke wangu. Yeye alihesabu siku alizobeba vitu vizito. Shangazi yangu alihesabu vizazi. Katika wiki hizo tatu hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza habari za moyo wa mtoto, na moyo ndio uliokuwa na tundu. Ndiyo maana naandika.

Tuanze na asili yake. Karibu kila seli ya mwili wa binadamu ina kromosomu 46 (nyuzi zinazobeba jeni, yale maagizo ya kuujenga mwili), yaani jozi 23, na katika kila jozi moja imetoka kwa mama na nyingine kwa baba. Yai na mbegu ya kiume vinatakiwa kubeba nusu tu, 23, ili vikikutana idadi irudi 46. Ili nusu hiyo ipatikane, kromosomu za jozi moja hushikana kwanza, halafu huachana, moja huku na moja kule. Mara nyingine jozi ya 21 haiachani. Zote mbili zinaenda upande mmoja, yai linakuwa na 24 badala ya 23, likirutubishwa mtoto anaanza maisha na 47. Kromosomu ya 21 anazo tatu. Hiyo ndiyo Down, na kwa karibu watoto 95 katika kila 100 wenye hali hii mambo yalikwenda hivyohivyo.

Kitu kilichonituliza mimi ni kujua jambo hilo hutokea lini. Mayai ya mwanamke huanza mgawanyiko huo yeye mwenyewe akiwa kijusi tumboni mwa mama yake. Yanaanza, yanasimama katikati, yanakaa hivyo miaka 15, 25, 40, mpaka mwezi ambao yai fulani linakomaa na kumalizia kazi. Muda wote huo jozi zinashikiliwa pamoja na protini zilizozifunga kama pete, na pete hizo zinachakaa. Kwa hiyo yai lililomleta binti yangu lilianza safari kabla mke wangu hajazaliwa, na kosa lilikwisha kufanyika kabla ya mimba kuonekana kwenye kipimo chochote. Kile kidonge nilichokuwa nakihesabu alikimeza mwezi wa nne wa ujauzito.

Karibu visa 9 kati ya 10 kromosomu ya ziada inatoka kwenye yai. Vilivyobaki vingi ni mbegu ya kiume, na vichache hutokea baada ya yai kurutubishwa. Wanaume wenzangu, msiichukue namba hiyo mkamtupie mke. Sisi mbegu zetu zinatengenezwa upya kila siku, yai lake limengoja miongo. Tofauti inatoka hapo.

---

Mdadisi77

Asante mkuu kwa uzi huu. Mimi naomba kuuliza mawili. Kwanza, ni kweli wanazaliwa na kina mama waliopita 35 tu? Pili, mbona kromosomu moja tu, tena ndogo, inagusa mwili mzima hivi?

---

BabaWaBinti

La umri: uwezekano unapanda, hilo ni kweli. Mama wa miaka 25 ni kama mtoto 1 kati ya 1,200 au zaidi. Akiwa na 35 ni kama 1 kati ya 350. Miaka 40 ni kama 1 kati ya 100, na 45 ni kama 1 kati ya 30. Lakini kina mama walio chini ya 35 ndio wanaozaa watoto wengi zaidi, kwa hiyo ukiwakusanya watoto wote wenye Down utakuta sehemu kubwa mama zao ni vijana. Mke wangu alikuwa na 26. Daktari aliyemhudumia wakati wa ujauzito hakuwahi kulitaja neno hili, pengine kwa sababu ya umri wake.

La ukubwa: kromosomu ya 21 ndiyo ndogo kuliko zote. Wanasayansi walipozipanga kwa ukubwa walidhani ya 22 ndiyo ndogo zaidi, walipokuja kupima vizuri wakakuta ya 21 imepungua zaidi, lakini namba zilikuwa zimekwisha kuzoeleka wakaziacha. Mpangilio wa DNA yake, karibu wote, ulisomwa na kuchapishwa mwaka 2000. Ina jeni mia mbili na kitu zinazotengeneza protini. Udogo huo ndio unaomwezesha mtoto kuishi: mimba zenye kromosomu kubwa ya ziada huharibika mapema sana, na hata za 21 nyingi huharibika bila mama kujua.

Jeni za Down hazina kasoro, ndugu yangu. Ni jeni nzima, za kawaida, ila zipo nakala tatu pale panapotakiwa mbili, na zikifanya kazi zinatoa bidhaa nyingi kupita kipimo cha mwili, takriban mara moja na nusu. Moyo unapojengwa wiki za mwanzo za mimba, ubongo unapopanga seli zake, uboho unapotengeneza damu, kila mahali kipimo kimezidi. Ndiyo sababu selimundu (sickle cell), ugonjwa wa damu wa kurithi, na Down hazifanani hata kidogo. Selimundu ni jeni iliyobadilika ambayo wazazi wote wawili wanaibeba na kumrithisha mtoto. Down kwa kawaida hakuna aliyeibeba.

---

MzaziMpya

Samahani kwa kuingilia. Wangu ana siku kumi na moja. Wamesema wanamshuku Down, wamechukua damu, majibu bado. Nilichokuja kuuliza ni kuhusu kunyonya. Ananyonya dakika tano anachoka analala, na kichwa kinaloa jasho. Wameniambia ni kawaida ya watoto hawa kwa sababu misuli yao imelegea. Daktari alimsikiliza kifua akasema hakusikia kitu. Niendelee kungoja majibu?

---

BabaWaBinti

Dada, usingoje majibu. Rudi kesho asubuhi uombe eko, ultrasaundi ya moyo. Kama anapumua haraka au midomo inageuka rangi ya bluu, usingoje hata kesho.

Naeleza ili ukifika uwe na maneno ya kusema. Karibu nusu ya watoto wenye Down wanazaliwa na hitilafu ya moyo. Inayowapata wao kuliko watoto wengine ni ile ambayo ukuta wa katikati haukufungika, pale vyumba vya juu na vya chini vinapokutana, na badala ya vali mbili (milango ya moyo inayoelekeza damu) kuna moja ya pamoja. Damu ambayo ingekwenda mwilini inarudi kwenye mapafu. Mtoto anafanya kazi ya kukimbia mbio kwa kunyonya tu, ndiyo maana jasho, ndiyo maana kuchoka. Ulegevu wa misuli nao unachosha, ni kweli, na yote mawili yanaweza kuwepo pamoja.

Stetoskopu haitoshi. Siku za mwanzo presha ya mapafu ya mtoto mchanga bado iko juu, damu haipiti kwenye tundu kwa kasi, kwa hiyo hakuna sauti ya kusikika hata kama tundu ni kubwa. Mwongozo wa kitabibu ni kwamba kila mtoto mwenye Down apimwe eko, awe na dalili au asiwe nazo. Wangu naye "hakusikika kitu".

Muda una maana hapa. Mapafu yakipigwa na damu nyingi kwa miezi, mishipa yake inakakamaa, na ikishakakamaa upasuaji unaweza usiwezekane tena. Hitilafu kubwa za aina hiyo kwa kawaida hurekebishwa ndani ya miezi sita ya kwanza. Binti yangu alifanyiwa akiwa na miezi mitano. Kovu lake anawaonyesha wageni bila kuombwa.

Na kingine cha wiki hizi: akitapika kijani, au tumbo likijaa na haja kubwa haitoki, mpeleke palepale. Baadhi yao utumbo wa mwanzo unakuwa umeziba, wengine sehemu ya chini ya utumbo haina neva za kuusukuma uchafu.

---

MkungaWaUsiku

Nimekaa wodi ya wazazi miaka mingi, nathibitisha aliyoandika kaka hapo juu. Mama, kuhusu kunyonyesha: mkalishe wima kidogo, shika kidevu chake kwa kidole ili taya lisidondoke, mnyonyeshe mara nyingi kwa muda mfupi. Akichoka kamua umpe kwa kikombe. Wengi wanajifunza, wanachelewa tu.

Naomba niongeze jambo ambalo familia nyingi haziambiwi. Kaka amesema 95 katika 100. Kati ya watano wanaobaki, mmoja au wawili ni mozaiki: baadhi ya seli zina 47 na nyingine 46, na dalili mara nyingine huwa nyepesi, si lazima. Watatu au wanne ni wa uhamisho. Hapa kromosomu ya 21 imejibandika juu ya kromosomu nyingine, mara nyingi ya 14. Mtoto ukimhesabu ana 46, lakini ukiangalia vizuri mali ya 21 imo mara tatu.

Hii ndiyo inayoweza kutembea kwenye familia. Mzazi anaweza kuwa na kromosomu 45, moja imebandikwa juu ya nyingine, hana upungufu wala ziada, mzima kabisa, hajui. Akiwa mama ndiye aliyebeba, kila mimba ina uwezekano wa asilimia 10 hadi 15 wa mtoto mwenye Down. Akiwa baba ni mdogo zaidi, asilimia moja au mbili. Na ipo aina adimu ambayo 21 imebandikwa juu ya 21 mwenziwe. Mwenye kuibeba hiyo, kila mtoto atakayezaliwa hai atakuwa na Down.

Kwa hiyo msikubali kuambiwa tu "ana Down, tumemwona kwa macho". Ombeni kipimo cha kromosomu, na ombeni karatasi. Ikisema uhamisho, wazazi wote wawili wapimwe. Ikisema tatu za kawaida, uwezekano wa kurudia kwa mama kijana ni kama asilimia moja.

---

Msomaji_Kimya

Kwetu wametokea wawili, kwa dada zangu wawili tofauti. Wazee walishakata kauli kuwa ni kitu cha ukoo, hata mimi nimeogopa kuolewa. Nimesoma jibu la mkunga mara tatu.

---

MkungaWaUsiku

Mwanangu, hali kama yako ndiyo hasa ya kupimwa. Inawezekana kuna uhamisho, inawezekana pia ni bahati iliyoangukia nyumba moja mara mbili, inatokea. Anzia kwa watoto: karatasi zao za kromosomu zinasemaje? Kama zote ni 47, tatu kamili za 21, hofu yako inapungua sana. Kama ni uhamisho, pima damu yako mara moja tu, jibu halibadiliki maisha yako yote. Na hata ukikutwa umebeba, hiyo si hukumu ya kutoolewa. Ni habari ya kwenda nayo kwa mshauri wa jenetiki pamoja na mwenzio.

---

Mdadisi77

Na vile vipimo vya ujauzito? Mke wangu aliambiwa damu yake "iko hatarini", hatukulala siku nne.

---

MkungaWaUsiku

Kuna vipimo vya kukisia na vipimo vya kuthibitisha, na watu wengi wanaumizwa kwa kuchanganyiwa. Ultrasaundi ya wiki 11 hadi 14 inayopima maji nyuma ya shingo ya mtoto, pamoja na homoni kwenye damu ya mama, inakupa uwezekano tu. Kipimo kipya cha damu kinachosoma vipande vya DNA vya kondo, kuanzia wiki ya 10, ni kizuri zaidi kwa mbali, ila nacho ni cha kukisia. Uthibitisho unatokana na kuchukua chembe za kondo, wiki ya 11 hadi 14, au maji ya chupa ya uzazi kuanzia wiki ya 15, na vyote viwili vina hatari ndogo ya kuharibu mimba. "Iko hatarini" inaweza kuwa 1 kati ya 150. Maana yake mimba 149 kati ya hizo mtoto hana Down. Mngeambiwa hivyo mngelala.

---

BabaWaBinti

Narudi kwenye afya, maana moyo ukishatengenezwa wengi tunapumzika, na hapo ndipo mengine yanapopita kimyakimya.

Linalonisumbua kuliko yote ni thairoidi, ile tezi ya shingoni. Kwa hawa watoto mara nyingi inalegea. Dalili zake: kuchoka, choo kigumu, ngozi kavu, kutokua, kunenepa, kuwa mzito kuelewa. Sasa soma tena orodha hiyo kwa macho ya mtu anayeamini "Down ndivyo walivyo". Kila dalili inapewa jina la Down na hakuna anayepima. Binti yangu alipoteza karibu mwaka mzima hivyo, kisha kidonge kimoja kidogo kwa siku kikamrudisha. Damu ipimwe akizaliwa, miezi sita, mwaka mmoja, halafu kila mwaka maisha yake yote. Hata awe mchangamfu.

Masikio ni ndugu wa hilo. Njia zao za masikio ni nyembamba, maji yanatuama nyuma ya ngoma, na wengi wao wana upungufu wa kusikia wa kiwango fulani. Mtoto asiyesikia vizuri atachelewa kusema, na utaambiwa ni akili. Kwa kawaida wanaelewa mengi kuliko wanavyoweza kutamka. Sisi tulianza na ishara za mikono akiwa na mwaka na nusu, watu wakatuonya kwamba hatasema kamwe. Sasa tunamwomba anyamaze wengine nao waseme. Macho vilevile: mtoto wa jicho anaweza kuzaliwa nao, na miwani wanahitaji zaidi ya nusu.

Usingizi. Akikoroma, akilala ameketi au ameinamisha kichwa mbele, au pumzi ikikatika usiku, ni kukosa hewa usingizini, na wengi sana wanayo. Mchana anakuwa mkali au hasikii mafunzo. Mwongozo unataka wapimwe usingizi kabla ya miaka minne hata kama mzazi haoni kitu.

Damu: wana uwezekano mkubwa zaidi wa kupata lukemia, saratani ya damu, kuliko watoto wengine, ingawa bado wengi hawapati. Wachanga wengine wanazaliwa na seli za damu zinazofanana na lukemia ambazo mara nyingi zinapotea zenyewe, lakini lazima wafuatiliwe. La kushangaza ni kwamba saratani za uvimbe, kama ya matiti, kwao ni chache.

Shingo: mifupa miwili ya juu kwa baadhi yao imelegea. Akianza kutembea vibaya ghafla, kuumwa shingo, au kupoteza uwezo wa kuzuia haja aliokuwa nao, ni dharura. Na chanjo zote, bila kuruka hata moja, maana kinga yao ya mapafu ni dhaifu.

Jina nalo. Watu wanadhani Down maana yake "chini". Ni jina la daktari Mwingereza, John Langdon Down, aliyeandika kuhusu hali hii mwaka 1866. Yeye aliwafananisha na watu wa Mongolia, jina baya likashika karne nzima, mpaka mwaka 1965 Shirika la Afya Duniani lilipoliacha baada ya Mongolia yenyewe kulalamika. Kromosomu ya tatu iligunduliwa Paris, matokeo yakachapishwa 1959. Jina lililovuma ni la Jérôme Lejeune, ila aliyeleta ufundi wa kuotesha seli na kuziandaa ni Marthe Gautier, na alingoja miongo kutambuliwa. Ukikutana na mtu bado anatumia lile neno la zamani, msahihishe.

---

KakaMkubwa

Nawashukuru. Nyote mnazungumzia watoto, mimi wangu ni mdogo wangu mwenye miaka 44. Alikuwa anavaa mwenyewe, anapanga viatu vya nyumba nzima kila jioni. Tangu mwaka jana ameacha. Anasimama mlangoni na kiatu mkononi. Tulipompeleka tuliambiwa "ni Down yake".

---

MkungaWaUsiku

Pole sana. Down haianzi na miaka 44. Mtu aliyekuwa anaweza jambo akaacha kuliweza, ana kitu kingine.

Kitu kimoja kinachowezekana ni Alzheimer, ugonjwa wa ubongo unaopoteza kumbukumbu na uwezo wa kufanya mambo. Jeni inayotengeneza protini ile inayojirundika kwenye ubongo wa mgonjwa wa Alzheimer iko kwenye kromosomu ya 21, na yeye anazo tatu. Wanapofika miaka 40 karibu wote wana marundo hayo kwenye ubongo, na dalili kwa wengi zinaanza miaka ya hamsini, wengine mapema. Zamani hili halikuonekana kwa sababu hawakufika umri huo: Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1980 wastani wa maisha yao ulikuwa kama miaka 25, sasa ni kama 60, na upasuaji wa moyo umechangia pakubwa.

Lakini msikubali neno hilo kabla ya kufuta mengine yanayofanana nalo: thairoidi, kusikia, mtoto wa jicho, kukosa hewa usiku, huzuni kubwa, upungufu wa vitamini B12, maumivu asiyoweza kuyaeleza. Je, alifiwa au kuna mtu aliondoka nyumbani?

---

KakaMkubwa

Mama alifariki mwaka juzi. Viatu alikuwa anampangia yeye.

---

MkungaWaUsiku

Basi hilo liwe la kwanza kumwambia daktari, na thairoidi ipimwe wiki hii.

---

MzaziMpya

Nimerudi. Tulienda asubuhi ileile, nikawasomea maneno ya kaka kutoka kwenye simu. Eko imefanyika: tundu la katikati, vali moja ya pamoja, kama ulivyoandika. Ameanzishiwa dawa ya kupunguza maji na upasuaji umepangwa akifikisha miezi minne. Sasa ananyonya kidogo kidogo mara nyingi, na kikombe.

Karatasi ya kromosomu nayo imetoka leo. Imeandikwa 47,XX,+21. Naombeni mnisomee.

---

BabaWaBinti

47 ni idadi yote. XX ni msichana. +21 ni ile moja ya ziada, imesimama peke yake, haijajibandika popote, kwa hiyo wewe na baba yake hamna haja ya kupimwa. Piga picha karatasi hiyo uihifadhi, kila kliniki mpya wataiomba.

Kabla hujatoka hapo kesho, uliza kama damu ya thairoidi ilichukuliwa pamoja na ile. Na amezaliwa na kilo ngapi? Nitakutafutia jedwali la ukuaji la watoto wenye Down ulilinganishe na hilo badala ya la kawaida.